Fundi wa Kanisa na Mashine ya Samaki

Mmeniuliza kwa kinyozi, mmeniuliza kwenye foleni ya mafuta taa, na mmoja wenu, nisiyemtaja kwa sababu redio yake bado iko kwangu, aliniuliza makaburini jeneza likishushwa. Kila mmoja anataka kujua nilienda kufanya nini Turkana, na kila nikisimulia mnaongeza yenu. Juzi nimesikia eti nilipigana na mamba. Basi nimekaa nikaandika mara moja, msome, mpokezane, kisha mniache nifanye kazi.

Silanga

Mnamjua dada yangu Mwende, mdogo wangu, yule aliyekuwa karani katika ofisi hapa mjini na akawa hacheki hata siku ya mshahara. Miaka michache iliyopita aliandamana na rafiki yake kwenda Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kununua samaki wakavu. Rafiki alirudi, Mwende akabaki. Baadaye tukasikia ana mashua na mabaharia, na kwamba yeye ndiye anayewaamuru. Mama alilipokea jambo hilo kama habari za msiba. Katika ukoo wetu hakuna mtu anayejua kuogelea. Maji mengi tuliyozoea ni ya mtungi.

Kisha samaki wa Mwende wakapotea. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, pale walipozoea kutega pakawa matope, na samaki wakahamia ndani ambako hakuna aliyejua walipo. Wazungu wa mradi fulani wa zamani walikuwa wameacha stoo mashine ya kutafuta samaki, imekufa. Mwende akaiokota na kunitumia kwa dereva wa lori pamoja na ujumbe: nitengeneze, niilete mwenyewe, niifunge. Mabaharia wamekubali kuisubiri. Ikikataa, wataondoka kwenda mashua nyingine, na yeye atafunga virago arudi nyumbani.

Mashine yenyewe ni kisanduku cha plastiki chenye kioo kidogo. Ina waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kichwa cheusi kinachotiwa majini. Kichwa kile hupiga kelele ambayo sikio la mtu haliisikii. Kelele inashuka, inagonga chochote kilichoko chini, mwangwi unarudi, na kioo kinachora. Sakafu ya ziwa ni mstari mnene. Samaki ni alama ndogo juu ya mstari. Hayo tu. Hakuna picha ya samaki anayetabasamu, kama alivyotarajia jirani yangu.

Niliifufua kwa siku chache. Ilikuwa imeliwa na chumvi ndani, na waya ulikuwa umetafunwa na panya msomi. Kazi yangu mnaijua: ninatengeneza redio, lakini ugali wangu unatoka kwa makanisa. Nyinyi mna mapaa ya mabati na spika kubwa kuliko imani yenu, na mhubiri akisema neno moja linarudi mara tatu. Mimi huitwa kuua mwangwi. Napunguza hapa, nakata pale, mpaka kelele yote inyamaze na mhubiri abaki peke yake. Kwa kazi hiyo sina mpinzani hapa Machakos, hata wanaonichukia wanakubali.

Nikaenda kuijaribu mashine kwenye silanga ya kwetu, lile bwawa la kuchimbwa ambalo ng'ombe wananywa na sisi tunakunywa baada yao. Watu wakajaa. Hakuna aliyeuliza habari za samaki. Mkamba hata ukimwonyesha mbinguni atauliza maji yako wapi.

"Kyalo, hiyo kitu inasema maji ni ngapi?" akauliza mwenyekiti wa kamati ya silanga.

Mashine ilisema maji yanafika mapajani, na chini yake ni matope matupu. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kanisani kwamba maji yapo mpaka mvua ya Novemba.

"Hiyo ni ya samaki," akasema. "Haijui maji."

Nusura nitupwe humo humo nihakikishe kina kwa miguu. Maji yale yalikuwa machafu, na kioo kilijaa vidoadoa kutoka juu hadi chini. Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikashika kifundo cha kupunguza sauti nikakizungusha taratibu mpaka vidoa vyote vikafutika, ukabaki mstari wa chini peke yake. Kioo kikawa safi kabisa. Nilitazama kazi yangu nikaridhika, nikakipiga kifundo tone la gundi kisitikisike njiani.

Jioni Mama akaniletea kiondo chake kikubwa, kile cha katani. Kilikuwa kitupu.

"Utarudi nacho kimejaa nguo zake," akasema.

"Mwaitu, je, mashine ikikubali?"

"Mimi naomba ikatae." Na kweli aliomba. Alifunga kula siku nzima akimsihi Mungu anilinde safarini na aiharibu mashine niliyobeba. Sijui huko juu barua mbili kama hizo hufunguliwa na nani kwanza.

Mlolongo

Dereva aliyenichukua anaitwa Barasa, Mluhya wa upande wa Kitale, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Lori lake lilikuwa limepakia saruji ya kujengea shule ya misheni huko huko Kalokol. Nilimkuta Mlolongo, kwenye mizani ya kupimia malori. Mkinisikia nasema Mlolongo na mizani mnajua tayari kwamba hatukuondoka siku hiyo.

Lori lilionekana zito kupita kiasi kinachoruhusiwa. Barasa alishuka, akalizunguka, akanitazama mimi na kisanduku changu juu ya mapaja.

"Fundi, ni wewe. Tangu upande hiyo kitu yako, gari imekuwa nzito."

"Hii haifiki kilo mbili."

"Kilo ya Mkamba huwezi jua ndani iko na nini."

Akaenda akawaambia wenzake. Kufikia wakati wa chai, madereva wote waliokwama pale walikuwa wanajua kwamba Barasa amebeba Mkamba mwenye sanduku. Nyinyi mnajua sifa ya uchawi tuliyopewa nchi hii. Mkamba akipiga chafya kwenye matatu, abiria wanabadilisha viti. Mmoja alikuja dirishani akaniuliza kwa adabu kama hiyo kamuti niliyonayo ni ya kufunga watu au ya kufungua. Nilimweleza kuhusu mwangwi. Alitikisa kichwa kama mtu anayefichwa jambo, akarudi nyuma bila kunipa mgongo.

Mifuko ikapunguzwa, ikahamishiwa lori la mwenzake, tukapima tena, tukaondoka siku ya pili. Jina langu Kyalo maana yake ni safari, na safari ndefu niliyowahi kufanya kabla ya hapo ilikuwa Naivasha, mazishini.

Nakuru hadi Kitale

Mama alikuwa amenifungia muthokoi kwenye mkebe, mahindi yaliyokobolewa vizuri na mbaazi, chakula cha kumpelekea Mwende. Kufika Nakuru mkebe ulikuwa umeanza kuvimba. Barasa akasema tuufungue kwa ajili ya usalama wa gari. Tukaufungua kando ya barabara, tukaula na uchachu wake wote. Nilijiambia ninamwokoa Mwende na tumbo la kuendesha. Kuanzia Nakuru hadi Eldoret tulisimama mara nyingi, na sitaeleza kwa nini.

Penye kizuizi cha polisi nje ya Eldoret, askari mmoja mwanamke alitaka kujua kisanduku ni nini.

"Ni mashine ya kutafuta samaki, afande."

"Umetoka wapi?"

"Machakos."

"Machakos kuko samaki?"

"Hakuna."

Akafikiri. "Ndio maana unazitafutia huku," akasema, akatufungulia njia. Katika safari nzima, ndiye mtu pekee aliyenielewa mara ya kwanza.

Kitale tulilala kwa Barasa. Mke wake alipika ugali, kuku na mrenda, akanipa mimi firigisi, heshima kubwa kwao. Nikaona mtu ananiheshimu bila sababu, nikafurahi. Asubuhi mama huyo akaniomba kwa upole, kwa kuwa nimekula firigisi, nimwambie nani anamwibia mayai. Nikamweleza kwamba mashine inahitaji maji. Akaniambia mayai pia huchemshwa kwa maji. Barasa alikuwa amesimama mlangoni anatetemeka kwa kicheko, nami nikajua nitafika Kalokol nikiwa mganga kamili.

Kainuk

Baada ya Kitale nchi inashuka, joto linapanda, na miti inaacha kujaribu. Kainuk magari husubiri yakusanyike ndipo yasindikizwe na askari, kwa sababu ya majambazi wa mbele. Tulisubiri kutwa. Chini ya kibanda cha makuti alikuwako mama muuza chai, na Barasa alikuwa amekwisha kunywa kwake vikombe vya kutosha kueneza injili yangu.

"Nasikia unaona vitu," akaniambia yule mama.

"Mashine ndiyo inaona. Tena ndani ya maji tu."

"Bwana yangu alienda na ngamia. Ni miezi sasa."

Nikasema mashine haijui habari za mabwana. Akaingia ndani, akatoka na beseni la maji, akaliweka mbele yangu. Watu wakanyanyuka vivulini wakaja. Mngefanyaje? Niliunganisha betri ya lori, nikatumbukiza kichwa ndani ya beseni. Kioo kikachora mstari mmoja juu kabisa, sakafu ya beseni.

"Inasema nini?"

"Inasema hakuna kitu hapa."

"Kwenye beseni?"

"Kwenye beseni."

"Hiyo hata mimi nilijua," akasema, akalimwaga. Lakini chai yangu hakuidai, na magari yalipoondoka alinipungia mkono. Nilitamani mashine ingejua, jamani. Nilimwonea huruma.

Kabla ya Lodwar springi ya lori ikakatika. Barasa aliifunga kwa kamba za ngozi na maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa karatasi hii itasomwa na watu wa kwaya. Tukatambaa mpaka Kalokol. Springi nyingine ingetoka Kitale, ije ikipata lori la kuileta, kwa hiyo mimi na Barasa tukawa wageni wa huko mpaka hapo itakapotokea.

Kalokol

"Umetoka Kenya?" ndilo swali la kwanza nililoulizwa. Nilifikiri nimevuka mpaka bila kujua. Kumbe huko, ukisema Kenya, unasema sisi wa huku chini.

Mwende alikuja kunipokea akitembea haraka kwenye mchanga, mweusi kuliko nilivyomwacha, mikono ina makovu ya nyavu, na anacheka tangu mbali. Sikumtambua kwa sababu ya kicheko. Akanikumbatia, akanuka samaki, nikamwambia. Akasema mimi nanuka muthokoi, uko wapi? Nikabadilisha mazungumzo.

Akakiona kiondo. Akakichungulia ndani, akakirudisha begani mwangu.

"Kiondo cha Mwaitu kiko tupu."

"Ndiyo."

"Ni cha nguo zangu."

Nikakihamishia bega la pili.

"Kyalo, mimi nakwambia mapema usije ukasema hukujua. Mashine ikikubali, mimi sirudi. Hapa ndiyo nimejua niko na kazi. Ikikataa, nitapanga nguo hapo ndani mwenyewe, na hutanisikia nikilia."

"Na Mama?"

"Mama amewahi kuona hii maji?"

Nahodha wake aliitwa Ekai, Mturkana mrefu mwenye fimbo, asiyependa maneno. Aliniangalia mimi, akaangalia kisanduku, akasema tu, "Haya." Nikafunga kichwa cha mashine nyuma ya mashua, mbali na rafadha ili mapovu yasiisumbue, nikaunganisha betri. Alasiri, upepo ulipotulia, tukatoka.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu maji yale. Ni mengi kupita kiasi. Nilishika ukingo wa mashua kwa mikono yote miwili na kumwamuru Mwende kwa meno yaliyofungwa asisimame. Alikuwa amesimama. Alikuwa anaagiza nyavu huku na huku kwa Kiturkana, Kijaluo na matusi mawili ya Kikamba ambayo mabaharia waliyadhani ni istilahi za uvuvi. Kule ofisini nilizoea kumwona akiinama. Sikujua ana sauti hiyo.

Nikawasha mashine. Mstari wa sakafu ukatokea, mnene, mzuri. Juu yake, kioo cheupe. Safi.

"Samaki iko wapi?" akauliza Ekai.

"Hapa hakuna."

Tukasogea. Hakuna. Tukasogea tena mpaka jua likaanza kuzama, na kote kulikuwa na mstari na usafi. Ekai akachagua mahali kwa kufuata ndege, tukatega. Asubuhi nyavu zikaleta vidagaa vya kuchekesha na kiatu kimoja. Ndege nao walikuwa wanajitafutia, hawakuwa wakitufanyia kazi.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Mashine ilifanya kazi vizuri kabisa, na hapo ndipo palipoumiza. Nilipima waya, nikapima betri, nikasafisha kichwa. Mabaharia waliacha kunisalimu. Siku ya Jumamosi Ekai akamwambia Mwende kwamba watangoja Jumapili ipite, kwa sababu ni ya Mungu. Jumatatu wanahama, kuna mashua nyingine upande wa kaskazini inayowataka.

Mwende akasema, "Sawa." Akaenda kuanua nguo zake kwenye kamba.

Jioni ile ile wakanichinjia mbuzi. Mimi nilidhani ni ukarimu, kunifariji. Nilikula sana, mbavu na figo, na Barasa akanisaidia. Niliona mabaharia wakinitazama nikitafuna, kila mmoja kwa makini, nikafikiri wamezoea wageni wasiokula vizuri.

Jumapili

Mwende alikuwa amenikopesha kwa misheni bila kuniuliza. Spika za kanisa lao zilikuwa zinapiga mluzi, paa la bati, mnajua. Nilikuwa nimezishughulikia kabla ya Misa, na kusema kweli nilihitaji kazi ninayoiweza. Nikapunguza hapa, nikakata pale.

Padri akaanza kusoma. Sauti yake ikasimama peke yake, wazi, bila mwangwi hata mmoja. Nikajipongeza kimoyomoyo. Kisha kwaya ikaimba. Wanawake wa pale huimba kwa vigelegele na njuga, jasho linatoka, nami kutoka baraza la nyuma, nilikoweka mitambo, niliona midomo yao, nikaona njuga zikitikiswa. Kwenye spika hapakutoka kitu. Kigelegele kimoja kilinifikia kwa mbali, kama kiko nyumba ya tatu.

Katekista akaninong'oneza. "Fundi. Kelele imeisha."

"Asante."

"Lakini na kwaya pia imeisha."

Nilikumbuka silanga. Nilikumbuka vidole vyangu kwenye kifundo, vidoa vikifutika kimoja kimoja, na mimi nikiridhika. Maisha yangu yote chochote kinachorudi baada ya sauti ni uchafu, na ninalipwa kuufuta. Mashine ile haina kazi nyingine ila huo uchafu. Sakafu ya ziwa ina sauti kubwa, huwezi kuizima kirahisi. Samaki ana sauti ndogo. Nilikuwa nimemzima Machakos, nikamtia gundi, nikasafiri naye amezimwa nchi nzima.

Misa ya huko ni ndefu, na ilinipa nafasi ya kuteseka. Kwa sababu sikuhitaji kusema uongo wowote. Ningenyamaza tu. Mashine imekataa, kila mtu ameona, nguo zimeanuliwa, kiondo kipo. Mama angenipokea kwa kuku. Angelala usingizi. Na mimi, niseme wazi, nilimtaka dada yangu nyumbani. Tangu aondoke hakuna mtu kwetu wa kugombana nami.

Nikamtazama. Alikuwa safu ya mbele, upande wa wanawake, anaimba kwa nguvu zote wimbo usiosikika, na alikuwa amevaa nguo za kusafiria.

Nikapita katikati ya kanisa, watu wakidhani nimeokoka, nikainama sikioni pake.

"Mwende, samaki wapo. Ni mimi nimewafuta."

"Umewafuta aje?"

"Kwa usafi."

Akanishika sikio, hapo hapo, mbele ya msalaba, akanitoa nje.

Alasiri tukaingia majini. Katekista alisimama ufukweni akitukumbusha ni siku gani. Nikaikwangua gundi kwa kisu cha Ekai, nikakizungusha kifundo, nikakizungusha tena. Kioo kikachafuka. Vidoa vikatokea, vikaongezeka, na vingine vikawa vinene, vimepinda mgongo, vimekaa pamoja juu kidogo ya sakafu. Hakujapata kutokea kazi mbovu namna ile mkononi mwangu.

"Hiyo ni nini?" akauliza Ekai.

"Kelele," nikasema. "Tega hapa."

Asubuhi ya Jumatatu nyavu zilikataa kupanda. Ilibidi wote tuvute, hata mimi niliyeapa kutoachia ukingo. Walikuja mbuta wakubwa, mmoja akaletwa na watu wawili, akanipiga mkia pajani na bado alama ninayo, mtu asije akasema ni ya mamba. Mwende aliketi juu ya samaki akacheka mpaka akalia. Hakuna aliyehama.

Nilijaribu kumweleza Ekai kuhusu kifundo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Fundi," akasema, "sisi tulijua. Mkamba hawezi kufungua samaki kabla ya kula mbuzi. Tulichelewa tu kukuchinjia."

Hayo ndiyo yanayoaminiwa Kalokol hadi leo. Barasa aliyathibitisha kwa kiapo.

Kurudi

Springi ilifika. Siku ya kuondoka Mwende alichukua kiondo, akakirudisha kimejaa samaki aliowapasua, akawatia chumvi na kuwakausha mwenyewe, wamepangwa vizuri kama nguo. Hakunipa ujumbe wa maneno. Nilimfundisha kifundo, akanifukuza, akasema amekwisha kukijua.

Njia ya kurudi sitaisimulia sana. Lori lilikuwa tupu na jepesi, lilirukaruka, na harufu ya kiondo ilitutangulia kila mji. Kainuk nilimtafuta mama wa chai. Bwana alikuwa hajarudi. Nikamwachia samaki mmoja. Mlolongo kwenye mizani hatukucheleweshwa hata kidogo. Barasa akanionyesha hilo kama ushahidi dhidi ya kisanduku.

Mama alikuwa uani anapepeta. Aliangalia nyuma yangu kwanza, barabarani, akangoja. Hakuja mtu.

"Mashine ilikataa?"

"Ilikataa, Mwaitu. Halafu ikakubali."

"Nani aliifanya ikubali?"

"Ni mimi."

Akaweka ungo chini. Nilimwambia yote, kanisa, kifundo, mbuzi. Nikamwambia kuhusu sauti ya Mwende ndani ya mashua. Hakucheka hata palipochekesha. Akavuta kiondo, akakifungua akitegemea sijui nini, na harufu ikampanda usoni. Mnajua wazee wetu. Kwa Mama samaki ni nyoka aliyebatizwa. Hajawahi kumgusa tangu azaliwe, na Baba, aliyekwenda kufanya kazi Kisumu akajifunza kuwala, alipigwa marufuku kuingiza vyombo vyake jikoni.

Akamtoa mmoja, akamshika mkia kwa vidole viwili, akamwangalia jichoni.

"Huyu alikuwa chini kiasi gani?"

"Chini kuliko kisima chetu mara kadhaa."

"Na yeye anakaa juu ya hayo maji."

"Anasimama, Mwaitu. Hata hakai."

Akaingia jikoni naye. Nilibaki uani nikisikiza sufuria, bila kuthubutu kumfuata. Alipotoka alikuwa na bakuli mbili za muthokoi, na ndani yake, jamani, vipande vya samaki. Akanipa moja. Akaketi na ya kwake, akafumba macho, akatia kijiko mdomoni, akatafuna polepole. Akameza.

Kisha akachota tena.

"Mwambie," akasema, "hao wa siku nyingine apunguze chumvi."